Simba Aliyekuja na Fanfari

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo kikuu ilikuwa kupanda juu ya tangi la maji la stesheni ya Kamina kila asubuhi na kutosikia kitu. Tangi lilikuwa la chuma, limebaki tangu enzi za treni za mvuke, na ndani yake hamkuwa na maji ila yale ya mvua. Nilipanda ngazi nikiwa na kipokezi cha redio kifuani, antena mgongoni na visikilizio shingoni. Nikifika juu niligeuza antena polepole: reli ya kwenda Bukama, kambi ya jeshi, njia ya Kaniama, mashamba ya mihogo ya wake wa askari, mpaka nirudi nilipoanzia. Masikioni kulikuwa na mvumo tu, kama mafuta yanayoanza kupata moto sufuriani. Mvumo ulimaanisha kwamba simba wetu yuko mbali. Nilishuka, nikaenda kambini, nikatoa taarifa yangu kwa neno moja: "Kimya."

Mama yangu, aliyebaki Lubumbashi, aliwaambia majirani kwamba mimi ni daktari wa simba. Sikuwa daktari. Daktari alikuwa bosi wangu, mtu mzima wa Kasai aliyekuwa na bunduki ya sindano za usingizi na gari lililohitaji kusukumwa kila asubuhi. Sote tulimwita Dokta. Yeye ndiye aliyempata simba jike kule kwenye nyika za kusini-mashariki, karibu na reli, akamlaza kwa sindano na kumfunga mkanda wa shingoni wenye redio ndogo. Mkanda huo tuliuita kolie, kama Wafaransa.

Sababu ya kolie ilikuwa ng'ombe. Kambi ilikuwa na ng'ombe wake, na zamani kila ng'ombe alipopotea askari walitoka na bunduki kuua simba, hata pale ambapo mwizi alikuwa na miguu miwili. Simba walikuwa wanakwisha. Dokta akaenda kwa koloneli akamwomba ahadi. Sisi tutajua kila siku simba yuko upande gani; akikaribia, tutawaambia wachungaji na wanawake wa mashambani mapema; na askari hawatampiga. Koloneli alikubali, lakini alisema mbele yetu wote kwamba siku mashine yetu itakaposhindwa kumwambia simba yuko wapi, atatuma bunduki zake zikamwambie.

Niliyakumbuka maneno hayo kila nilipoweka mguu kwenye ngazi ya tangi.

Lazima nieleze habari ya mkanda, maana mambo yote yalitoka hapo. Redio ya kolie ilifika kutoka Ulaya ikiwa nzima: kidude kizito kama ngumi ya mtoto, kimefunikwa kwa gundi ngumu, na waya mfupi unatokeza pembeni. Lakini ngozi ilifika imeoza, kwa sababu sanduku lilikaa msimu mzima wa mvua katika behewa lililosahauliwa kwenye njia ya pembeni. Dokta alipoikunja ilivunjika kama biskuti.

Tukaenda kwa fundi viatu wa kambi. Alikuwa mtu wa Equateur, mkubwa wa umbo, na kila buti la Kamina lilikuwa limepita mikononi mwake. Siri yake ilikuwa mafuta ya kambale. Wanawake wa Kinkondja wanaokausha samaki walimletea mafuta hayo kwa chupa. Yeye aliyachanganya na mawese kidogo, akasugua ngozi kutwa nzima mpaka ikawa laini kama sikio la mbuzi. Kiangazi cha Kamina hupasua midomo ya watu, lakini hakikupasua buti za fundi yule. Zilinuka, ila hazikupasuka.

"Dokta," alisema akitukabidhi mkanda, "simba yako atazeeka, atakufa, na hii mukaba itabakia. Batoto yake batagawana."

Dokta aliunusa, akacheka, akasema ni kazi safi. Mimi niliuchunguza hadi fundi akachoka nami. Niliuliza kama rangi nyeusi haitawatisha swala. Niliuliza kama kifungo hakitashika nyasi. Niliuliza kama kidude kitakaa chini ya koo au kitazunguka, na kikizunguka, simba atalalaje. Niliwaza juu ya kila kitu isipokuwa harufu.

Siku ya kumfunga nilipewa kazi ya kupima nafasi kati ya mkanda na shingo. Simba alikuwa amelala, ulimi nje, sikio lake la kushoto limechanika kwa ugomvi wa zamani. Niliingiza vidole chini ya mkanda, nikaona unabana. Tukalegeza. Nikaona umelegea sana, atautoa kwa mguu. Tukakaza. Niliomba tulegeze tena.

"Mwana," Dokta alisema, "huyu ni simba, si bibi harusi. Na anaamka."

Tulikaza tundu la mwisho tukakimbia.

Basi, asubuhi moja ya Jumamosi, Dokta akiwa Lubumbashi kufuata dawa zake, nilipanda tangi kama kawaida. Nilivaa visikilizio, nikaelekeza antena Bukama. Mvumo. Nikageuka. Nilipofika upande wa mji, nikasikia: tok. Tok. Tok.

Nilizima kipokezi. Nikakiwasha. Tok, tok, tok. Sauti haikuwa ya mbali, iliyochoka, kama ile tuliyoizoea porini. Ilikuwa nene, ya karibu, kama mtu anayegonga mlango huku akijua umo ndani. Nilijaribu kujidanganya kwamba ni nyaya za umeme za reli, lakini nyaya hazigongi kwa mpigo. Niligeuza antena huku na huku, na kila mara ilinirudisha palepale: kati ya soko na parokia. Watu walikuwa wanapita huko wakiwa na vikapu.

"Weye kule juu!" Mama mwenye nyumba yangu alikuwa amesimama uani kwake, nyuma tu ya stesheni, mikono kiunoni. Alikuwa mke wa dereva wa treni na mwimbaji wa kwaya, na sauti yake ilifika kwenye tangi bila shida. "Chai inapoa! Na mikate nzi banakula!"

Nilishuka haraka. Alikuwa amekwisha kuvaa kitambaa chake cha kwaya.

"Iko nini? Umeona mufu?"

"Mama, kama simba angeingia mu cité, ungefanya nini?"

"Ningefunga mbuzi yangu. Iko mu cité?"

"Sijui."

"Kila siku unajua haiko," akasema, "na leo njo haujue?"

Nilikaa mbele ya chai yangu bila kuinywa. Nikienda kusema kambini, askari watatoka na kumpiga, naye si ajabu amepotea tu, ameingia usiku na kujificha nyuma ya ukuta fulani akiogopa kuliko sisi. Nisiposema, na mwanamke mmoja wa soko akakutana naye kwenye kona, je? Nilijaribu kumwona mwanamke huyo, na kila nilipomwona alikuwa na sura ya mama yangu. Nikainuka. Mama mwenye nyumba aliniwekea mkate mmoja mfukoni, kwa sababu, alisema, mtu akiliwa na simba tumbo tupu ni aibu kwa mwenye nyumba.

Kambini, mtu wa kupokea taarifa zangu alikuwa ajida mmoja, afande wa zamu mwenye kitambi na kicheko cha haraka, aliyekaa kitini kila asubuhi akisubiri neno langu moja ili aendelee na kahawa yake.

"Profesa," akasema bila kuinua macho. "Kimya?"

"Hapana."

Aliweka kikombe chini. "Iko wapi?"

"Katikati ya mji. Kati ya soko na parokia."

Kicheko chake hakikuja. Aliita askari wachache wenye bunduki, nikamshika mkono, jambo ambalo mtu hamfanyii ajida.

"Baba, tafadhali. Wasipige mpaka nimwone mimi kwanza. Ana kolie. Huenda amepotea tu."

"Na kama inakula mama moja ya soko, koloneli atapiga nani? Atanipiga minyi!" Lakini aliwageukia askari wake. "Mumesikia. Hakuna mutu kupiga mpaka minyi naseme."

Tukaingia mjini, mimi mbele na antena yangu, ajida ubavuni, askari nyuma. Niliwaomba watembee kwa utulivu ili tusiwatishe watu. Hatukumtisha mtu yeyote. Wanawake wa soko walikuwa wameizoea antena yangu kunizidi.

"Profesa! Ile mifupa ya samaki unatembeza, iko ya kuuza?"

"Tutafutie rumba humo ndani! Habari ya serikali tumeshiba!"

"Na leo basoda banakusindikiza! Umeiba nini?"

Nilitabasamu kwa meno tu. Masikioni sauti ilizidi kunenepa mpaka nikalazimika kuipunguza kwa kitufe. Kisha nikagundua jambo jingine: sauti ilikuwa inahama. Ilikuwa imetoka upande wa parokia, na sasa ilikuwa inashuka kando ya ile barabara pana ya kwenda stesheni, bila haraka, kama mtu anayetembea kwa raha zake.

"Anatembea," nilimwambia ajida.

"Mu barabara? Mu jua hii?"

"Mu barabara."

Tangu alfajiri fanfari ya parokia, bendi ya tarumbeta na ngoma, ilikuwa ikifanya mazoezi. Siku iliyofuata ilikuwa sikukuu ya parokia, na wapigaji wote walikuwa wafanyakazi wa reli, watu wasiojua kufanya kitu kwa sauti ndogo. Mji wote ulikuwa umeizoea ngoma yao asubuhi ile, hata mimi sikuwa nikiisikia tena. Sasa nilitoa kisikilizio kimoja. Ngoma ilikuwa upande uleule wa antena. Nilirudisha kisikilizio: tok, tok, tok. Nilikitoa: bum, bum, bum. Na nyuma ya fanfari, kama kawaida, wangekuwa watoto wa mtaa mzima wakicheza.

"Simba anafuata fanfari," nikasema.

Ajida alinitazama. "Inapenda muziki?"

"Sijui anapenda nini! Anaifuata!"

Tulikimbia kwa njia ya mkato. Askari walipiga magoti kwenye kona, mbele ya duka la chumvi na sabuni, bunduki zikielekezwa pale ambapo mkia wa maandamano ungepita. Tarumbeta zilitokea kwanza, ziking'aa kwa jua, kisha klarineti, kisha kina mama wa kwaya katika vitambaa vyao vya buluu, mama mwenye nyumba yangu katikati yao, kisha ngoma kubwa. Sikuweza kungoja zaidi. Niliruka katikati ya barabara, nikainua mikono yote miwili pamoja na antena.

"Simameni! Ondokeni barabarani! Simba! Simba yuko nyuma yenu!"

Fanfari haisimami mara moja. Tarumbeta zilikufa moja moja, klarineti moja ikamalizia mstari wake kwa sababu ulikuwa umebaki kidogo tu, na ngoma ikapiga mara mbili peke yake kabla ya kuona aibu. Watu wote waligeuka nyuma. Nyuma kulikuwa na watoto, vumbi, na mbwa wengi sana.

"Iko wapi?" akauliza mpiga ngoma.

Nilielekeza antena. Ilielekea kwake. Nilisogea kushoto ili nione nyuma yake. Antena ikaelekea kwake. Yeye naye, akiogopa, akasogea kulia, sauti ikamfuata. Akaruka nyuma ya mwenzake wa tarumbeta kubwa. Antena ikamfuata huko.

"Mama yangu!" akasema. "Minyi njo simba?"

Mtu mmoja alianza kucheka. Nilikaribia, na kabla macho hayajaona, pua ilikuwa imeniambia: kambale. Ngoma kubwa ilikuwa inaning'inia kifuani mwake kwa mkanda mpana, mweusi, unaong'aa. Nilimzunguka. Mgongoni, katikati ya mabega, kidude chetu kilikaa kama mtoto aliyebebwa, na waya wake umekunjwa vizuri usimchome. Mbwa mmoja alikuwa anamnusa kiuno.

Barabara nzima ililipuka kwa kicheko. Askari waliinuka wakijipangusa magoti. Ajida alicheka mpaka akashika ukuta wa duka. "Simba inapiga ngoma! Profesa, simba yako iko mubatizwa!" Mama mwenye nyumba alikuwa analia kwa kucheka, akiwaeleza kina mama wengine jinsi alivyonipa mkate wa safari ya mwisho. Nami nilicheka. Sijui kicheko kile kilitoka wapi, lakini nilicheka mpaka visikilizio vikaanguka. Hakukuwa na simba mjini. Hakuna mtu wa kuliwa, hakuna mtu wa kupigwa risasi.

Kicheko kilidumu muda mfupi sana. Kisha nikamwona ajida ameacha kucheka, ananitazama, na nikajua amefika mahali ambapo mimi nilikuwa nakaribia kufika.

"Kolie iko hapa," akasema. "Na simba?"

Mpiga ngoma alieleza. Kazi yake ilikuwa kukagua reli kwa ile gari ndogo ya reli yenye mota, inayoitwa dresini. Ijumaa, upande wa Bukama, kwenye kalvati moja mahali pasipo na watu, aliona mkanda umelala kando ya njia. Aliamini umedondoka kutoka kwenye mashine iliyokuwa behewani. Mkanda wa zamani wa ngoma ulikuwa wa kamba na ulikuwa unamkata bega.

"Kitu yenye kuangukia ku reli iko ya reli," alisema, akiwaangalia wenzake, nao walitikisa vichwa, kwani kwao hiyo ilikuwa sheria. "Na ya reli iko ya fanfari. Nilifunga na bulonge na nati yake, njo ile tu. Minyi sikuona simba, sikuua simba."

"Koloneli anasemaka nini?" ajida aliniuliza. Hakuwa na ukali, na hilo lilinitisha zaidi. "Simba yenye kolie, iko simba ya Dokta. Simba bila kolie, iko simba tu. Leo mangaribi minyi nakwenda kwake. Unanipatia nini ya kusema?"

Niliomba mkanda. Niliketi chini, palepale barabarani, fanfari yote imenizunguka. Ncha moja, pale fundi alipokunja ngozi na kuishona, haikuwapo. Haikukatwa kwa kisu. Ilikuwa imetafunwa. Mwanzoni moyo ulitulia, kisha ukaanguka, kwa sababu nilikumbuka fisi. Fisi hutafuna ngozi. Simba akifa porini, fisi huja, na mkanda wenye mafuta ya kambale ndio wangeuanza. Niliona mzoga. Niliona mpaka nzi. Niliona kwamba huenda niliukaza mno tundu la mwisho.

Nikautazama tena, kwa sababu kutazama tena ndicho kitu pekee ninachojua kufanya vizuri. Alama za meno zilikuwa nyingi mno, na nyembamba, kama mtu amechoma ngozi kwa sindano ya kushonea magunia. Chuoni nilikuwa nimeshika mafuvu ya fisi. Jino la fisi huponda; alama yake ni shimo la kuingiza kidole. Hizi zilikuwa za mnyama mdogo, na pembeni ngozi ilikuwa imelambwa hadi rangi ikatoka. Nilikuwa na wazo, lakini niliogopa kulisema kwa sauti, maana mawazo yangu asubuhi ile yalikuwa yameshawapigisha magoti askari mbele ya kwaya.

"Nani anaweza kunifikisha kwenye kalvati?" nikauliza.

Mpiga ngoma aliivua ngoma.

Mkuu wa stesheni alisema njia ya Bukama haina treni mpaka jioni. Tukaenda watatu: mimi, ajida na bunduki yake, na mpiga ngoma ambaye hakuvua kofia ya fanfari. Dresini ilikohoa, ikapata pumzi, ikaanza kukimbia. Sikuwahi kupanda. Upepo ulipita masikioni, nyasi za manjano zilikimbia pande zote mbili, na mpiga ngoma aliimba zile sehemu za tarumbeta ambazo kwa kawaida haruhusiwi. Ajida alikuwa amejishikilia kwa mikono yote miwili. Nilimgawia mkate wangu, akala akiwa amefumba macho.

Jua lilikuwa limepita utosini mpiga ngoma alipozima mota na kuiacha dresini iteleze yenyewe. Alinyoosha kidole. Mbele, reli ilipita juu ya kalvati pana la saruji, ambalo kiangazi halikuwa na maji. Tulisimama mbali. Hakukuwa na tai angani. Nililiona hilo kwanza, nikalihifadhi kama mtu anavyohifadhi moto kwenye majani.

Tulisubiri. Nilikuwa nimeanza kuhesabu sababu zote ambazo tai wanaweza kukosekana mahali penye mzoga, ajida aliponigusa goti.

Sikio lilikuwa limetokea juu ya nyasi, limechanika upande wa kushoto.

Simba akainuka, akajinyoosha mbele kisha nyuma, akatutazama kama mtu anayetazama wageni waliokuja saa ya kula. Shingoni manyoya yalikuwa yamelala kwa mviringo, pale mkanda ulipokaa, kama alama inayobaki kichwani mtu akivua kofia. Hakukuwa na kidonda. Alikuwa mnene. Alifungua mdomo, akatoa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia, ya chini, kama anaongea na nafsi yake.

Mdomo wa kalvati ukajibu. Kitoto kimoja kilitoka, kikijikwaa, kikafuatwa na cha pili kilichompanda mgongoni. Cha tatu kilitoka kinyumenyume. Kilikuwa kinavuta kitu kwa nguvu zote, kikinguruma kwa ukali wa bure, na wenzake wakamrukia kumnyang'anya. Kilikuwa kipande cheusi cha ngozi, kimeshonwa kwa uzi mweupe wa fundi wa kambi.

Hatukujua kwamba ana watoto. Nyasi zilikuwa ndefu, tulimsikia redioni bila kumwona, tukaridhika. Kumbe miezi ile yote watoto walikuwa wananing'inia kwenye shingo ya mama yao, wakilamba kambale wa Kinkondja, wakitafuna, mpaka mshono ukaachia.

Nilitaka kueleza yote haya kwa mpangilio, kwa sauti ya chini. Nilishindwa. Machozi yalikuwa yananitoka na nilikuwa nacheka, na mpiga ngoma alikuwa ameweka kofia yake mdomoni asinicheke kwa nguvu.

"Batoto balikula kolie ya mama yao," nilimwambia ajida. "Njo hiyo unamwambia koloneli."

Ajida hakuondoa macho kwa wale watatu. "Minyi iko na batoto saba," alinong'ona. "Uliona mukaba yangu mupya? Nani aliiona? Hata minyi sijaiona tena." Mabega yake yalianza kutikisika. "Koloneli iko na kenda. Atasikia."

Koloneli alisikia. Ajida alinihadithia baadaye kwamba alicheka mpaka akaomba hadithi irudiwe mbele ya mke wake, kisha akasema bunduki zitangoja Dokta arudi, ilimradi kila siku mtu akamwone simba kwa macho. Kwa hiyo, mpaka Dokta aliporudi, nilipanda dresini kila asubuhi pamoja na mpiga ngoma, na kila mara simba alikuwa palepale, amechoshwa na watoto. Sijawahi kuwa na kazi nzuri kama ile.

Mkanda mpya fundi aliukata mwenyewe. Tulimwomba apake nta ya nyuki badala ya mafuta.

"Bila kambale?" Alitutazama kana kwamba tumemwambia ale bila chumvi. "Itapasuka. Mutanikumbuka."

Dokta alimtuliza kwa kumpa kazi ya pili: fanfari ilikuwa inadai mkanda wake, na huo, Dokta alisema, aupake chochote anachotaka. Fundi aliupaka chupa nzima.

Jumapili iliyofuata baada ya simba kufungwa kolie mpya, nilipanda tangi. Niligeuza antena pande zote, nikasubiri kila upande kidogo zaidi ya inavyotakiwa, kisha nikarudia. Mvumo tu. Yuko mbali, pamoja na wanawe, anatembea na ule mkanda ambao tundu lake la mwisho nilikuwa nimelikubali bila kuomba tulegeze.

Chini yangu fanfari ilikuwa inapita kuelekea kanisani. Ngoma kubwa ilikwenda nyuma ya wote, na nyuma yake, kwa utaratibu mzuri kuliko kwaya, walifuata mbwa wote wa mtaa wa reli na paka wawili. Mama mwenye nyumba aliinua uso.

"Weye kule juu! Simba iko?"

"Haiko, mama!"

"Basi shuka! Ibada haitakungojea!"

Nilivua visikilizio, nikavitundika kwenye ngazi, nikashuka.